Mauaji Yana Wenyewe

Ndugu msomaji, kuna kitabu ninachotaka tukizungumze, wewe ukiwa kwako Mombasa au Tanga au Unguja, na mimi nikiwa huku Kibirizi, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Kwa asiyepajua, hapa ndipo zinapoondokea boti za mbao kuelekea Gombe na Kagunga, mpakani na Burundi. Siku za amani zinapakia watu na mizigo yao, nasi tunauziana dagaa na migebuka pwani ya ziwa. Siku za shari, ziwa hili hutuletea watu wasio na mzigo. Mwaka 1972 walikuja. Mwaka 1993 walikuja. Mwaka 2015 maelfu kwa maelfu walirundikana pale Kagunga, kipindupindu kikawaingilia, na meli yetu kongwe ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma.

Kitabu chenyewe kinaitwa Purity and Exile, na kwa lugha yetu tungesema "Usafi na Ugenini". Mwandishi wake ni Bibi Liisa Malkki, na kilipigwa chapa Chicago mwaka 1995. Kinakhusu watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 wakaja kuishi katika nchi yetu. Nakala niliyoisoma nimeazimwa na kijana niliyemsomesha chuoni, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari. Na pale Kiingereza changu kilipochoka yeye alinifasiria.

Nakileta katika kurasa hizi kwa sababu moja. Kila moto unapowaka Burundi au Congo, nasikia barazani jibu lile lile: "Hao ndivyo walivyo. Ukabila tu huo." Mtu akishasema hivyo anahisi amefahamu, na hakuna tena wa kuulizwa. Warundi wenyewe msiba wa 1972 wanauita Ikiza, yaani baa, kama unavyosema tauni au njaa. Siwalaumu, kwani aliyefiwa huutaja msiba wake kwa jina analoweza kulibeba. Lakini tauni haiji na karani wa kuandika majina. Mauaji yana wenyewe, na swali langu kwa kitabu hiki ni hili: je, kinatusaidia kuwajua wenyewe hao?

Bibi Malkki alifanya kazi yake mwaka 1985 na 1986, na alikwenda sehemu mbili. Ya kwanza ni Mishamo, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katikati ya msitu upande wa Mpanda, mbali na kila mji. Ya pili ni Kigoma yenyewe pamoja na Ujiji, ambako Warundi wengine walijichanganya na wenyeji. Watu wa asili moja, waliopatwa na msiba mmoja katika mwaka mmoja. Miaka kumi na tatu baadaye aliwakuta wamekuwa watu wa namna mbili.

Mishamo alikuta watu wamejitungia tarikhi. Aliyemuuliza huyu na aliyemuuliza yule walimsimulia takriban maneno yale yale: kwamba Wahutu ndio wenye nchi, kwamba Watutsi walitoka kaskazini wakawalaghai wenyeji kwa zawadi za ng'ombe mpaka wakawatia katika utumwa, kwamba mauaji ya 1972 ni mwendelezo wa hila ile ile ya kale, na kwamba taabu ya ukimbizi ni mtihani unaowatakasa hadi siku ya kurudi. Jina la mkimbizi kwao halikuwa aibu, lilikuwa cheo. Aliyeoa Mtanzania, aliyefungua duka mjini, aliyeacha kujiita Mhutu, huyo machoni mwao alikuwa ameshachafuka. Huo ndio usafi uliotajwa katika jina la kitabu.

Mjini mambo yalikuwa kinyume. Hakukuwa na hadithi moja ya kusimuliwa na wote. Mtu leo alikuwa Muha, maana Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Kesho alikuwa mtu wa Ujiji. Kesho kutwa alikuwa Mwislamu, basi. Walioa na kuolewa, wakafanya biashara, na 1972 wakaiweka mahali ndani ya nafsi zao pasipoonekana.

Sisi wa vyuoni neno usafi tunalijua, kwani ndio mlango wa kwanza tunaomfundisha mtoto. Kuna tahara ya mwili, kuna tahara ya nguo, na kuna tahara ya mahali pa kuswalia. Tahara ya kabila sijapata kuisoma katika kitabu chochote. Hata hivyo nakiri kwamba mwandishi amekamata jambo zito. Ameonyesha kuwa mtu aliyedhulumiwa, akifungiwa mahali pamoja na madhulumu wenzake tu, bila soko, bila jirani mgeni, bila kazi ila kulima na kukumbuka, kumbukumbu yake inabadilika. Mwanzo anamkumbuka askari fulani aliyebisha hodi usiku. Baada ya miaka, askari yule anapotea katika hadithi, na mahali pake wanasimama Watutsi wote, waliokuwapo na wasiokuwapo, waliozaliwa na watakaozaliwa.

Na hilo lina matokeo. Mwaka 1980, humo humo Mishamo, Rémi Gahutu aliasisi chama cha Palipehutu, chama cha kuwakomboa Wahutu. Katika chama hicho ndimo lilimotoka kundi la silaha la FNL. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, baina ya Bujumbura na mpaka wa Congo, watu wenye silaha waliivamia kambi ya wakimbizi Wabanyamulenge waliotoka Congo, wakaua zaidi ya watu 150, wanawake na watoto wakiwemo, wengine wakiungua ndani ya mahema yao. FNL ilitangaza kuwa ndiyo iliyofanya. Sisemi kwamba kila aliyesimulia tarikhi ile alishika bunduki; walio wengi walilima mahindi yao na tumbaku yao, wakazeeka. Lakini chama kilichozaliwa kambini kikaenda kuchoma kambi, na waliochomwa hawakuwa na mkono wowote katika 1972. Anayetaka kujua madhulumu anageukaje kuwa dhalimu, kurasa za Bibi Malkki kuhusu Mishamo zitamfaa kuliko khotuba nyingi tulizozisikia, na za kwangu nazihesabu humo.

Hapa sasa ndipo ninapogombana na kitabu. Mwandishi anatuambia kwamba hakuja kupima ni lipi la kweli na lipi la uongo katika masimulizi yale. Muradi wake ni kujua masimulizi yanafanya kazi gani katika maisha ya wasimuliaji. Hiyo ni haki ya mwanachuoni kuchagua kazi yake. Lakini msomaji anafunga kitabu akiwa amejua sana jinsi mauaji yanavyokumbukwa, na kidogo mno jinsi yanavyofanywa. Kwa mtu wa Chicago huenda hilo linatosha. Kwa sisi tunaoweza kuyaona milima ya Burundi ikianzia kule boti zinakokwenda, halitoshi.

Basi tuyaseme yanayojulikana. Tarehe 29 Aprili 1972 Rais Michel Micombero alilivunja baraza lake la mawaziri. Siku hiyo hiyo waasi wa Kihutu walishambulia kusini, katika miji ya ukingoni mwa ziwa hili hili letu, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi, wake kwa waume. Jambo hili halifai kufichwa, ingawa wengi wanaolia juu ya 1972 huliruka. Siku hiyo hiyo pia aliyekuwa mfalme, Ntare wa Tano, aliuawa Gitega akiwa mikononi mwa serikali. Kisha serikali ikajibu, na jibu lake lilivuka mbali sana mipaka ya kuwasaka waasi. Jeshi, pamoja na vijana wa chama waliojulikana kama JRR, waliingia maskulini, maofisini, hospitalini na makanisani. Waliochukuliwa mbele ni waliojua kusoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Waliitwa kwa majina yao wakapandishwa malori. Katika miezi michache walikufa watu wanaokadiriwa kuanzia 100,000 mpaka 300,000.

Izingatie sana ile orodha, ndugu msomaji. Chuki peke yake haiandiki orodha. Orodha huandikwa na mtu aliyeketi kitini, penye meza na taa, na lori hutiwa mafuta kwa amri ya mkubwa. Na kwa nini wachukuliwe wasomi kabla ya wengine? Kwa kuwa kilichokuwa kikilindwa ni utawala, na mkulima asiyejua kusoma hawezi kesho kudai wizara. Ukitaka hujja kwamba kabila lilikuwa kanzu iliyovaliwa kwa shughuli hiyo, rudi nyuma mwaka mmoja tu. Mwaka 1971 wakubwa wale wale waliotoka Bururi waliwafikisha mahakamani Watutsi wenzao wa upande wa Muramvya kwa tuhuma za njama, na baadhi yao wakahukumiwa kifo, ijapokuwa hawakunyongwa. Waliokuwa wakigombea kiti walikuwa tayari kumla yeyote.

Khofu nayo ilikuwako, na ilikuwa ya kweli. Watutsi wa Burundi walikuwa wameona yaliyowafika wenzao wa Rwanda kuanzia 1959, walivyouawa na kufukuzwa. Mtawala wa mabavu aghalabu hana haja ya kuzua khofu. Huikuta imelala, akaiamsha siku anayoihitaji. Na mwaka 1973 ndege za jeshi la Burundi zilivuka mpaka zikaangusha mabomu katika vijiji vya mkoa huu wa Kigoma, kwa kisingizio cha kuwasaka waasi. Ni tauni gani hiyo yenye rubani?

(Nitaje na hili kwa kupita: herufi ya mwisho ya JRR ilisimama badala ya jina la Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, aliyewaunganisha Wahutu na Watutsi katika chama kimoja, akapendwa sana na Waswahili wa Bujumbura, na akauawa Oktoba 1961. Waliofunga barabara na kuwakamata watu mwaka 1972 walifanya hivyo kwa jina lake. Wafu hawana uwezo wa kukataa.)

Nawe msomaji wa pwani usidhani kuwa haya ni ya bara. Lichukue swali hili hili ulipeleke Likoni. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikaporwa, kisha nyumba na vibanda vya watu wa bara vikatiwa moto. Zilienezwa karatasi za kuwaamuru waondoke. Watu wapatao mia moja walikufa, na makumi ya maelfu wakayahama makazi yao. Nje ilisemwa: wenyeji wamechoka na wageni. Malalamiko ya ardhi na ya kazi yalikuwa ya haki, na hakuna mtu wa pwani wa kufundishwa hilo na mimi. Lakini uchaguzi mkuu wa Kenya ulikuwa Disemba ya mwaka ule ule, na wengi katika waliofukuzwa walikuwa wapiga kura ambao upinzani uliwategemea. Aliyepoteza nyumba alipoteza na kituo chake cha kupigia kura. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilikusanya ushahidi mwingi juu ya vijana waliolishwa viapo na kufundishwa msituni. Kijana aliahidiwa shamba. Alichokipata ni kipigo cha askari, na shamba hakuliona. Ukisema "ukabila tu" juu ya Likoni, umemsamehe bila ya kumjua yule aliyekuwa akihesabu kura.

Turudi kwenye kitabu. Mlango unaokhusu mji wetu ndio ulionifurahisha zaidi, na kwa hiyo ndio nilioutilia shaka zaidi. Nani hapendi kusifiwa mji wake? Ujiji ni mji wa misafara ya kale. Wamanyema kutoka ng'ambo, watu wa pwani, Waha na Warundi wameoana hapa kwa vizazi, na Kiswahili ndicho kilichowaweka chini ya dari moja. Ni rahisi mtu akajipigapiga kifua akasema: kambi huzaa chuki, mji wetu huzaa udugu. Lakini mwandishi mwenyewe, kwa insafu yake, anaonyesha kwamba wengi katika wale wa mjini walikuwa wakijificha. Walijiita Waha kwa sababu mkimbizi aliyejulikana kuwa ni mkimbizi, anayekaa mjini bila ya ruhusa, alikuwa na khofu ya kuondoshwa. Kuchanganyika kwetu kulikuwa nusu udugu na nusu khofu ya karatasi. Ningependa mwandishi angekaa zaidi juu ya hiyo nusu ya pili.

Kwa kuwa haikuchukua muda ikaonekana. Mwishoni mwa 1997 askari wa nchi yetu waliwazoa Warundi waliokuwa wakiishi vijijini katika mkoa wa Kigoma, wakawapeleka makambini. Makumi ya maelfu, na miongoni mwao wapo waliokuwa wamekaa tangu 1972, wenye wake na waume na watoto wa hapa hapa. Sababu iliyotolewa ni usalama, nami sikatai kwamba vita vya Burundi vilikuwa karibu. Lakini kama Bibi Malkki amesema kweli kwamba kambi ndiyo jiko linalopika ule usafi wa kabila, basi watu waliokwisha kupoa walirudishwa motoni.

Wapo pia kati yetu watakaousoma mlango huo wakasema kwamba Uislamu ndio uliowaponya watu wa mjini. Wataleta na khabari za Rwanda 1994, ambako Waislamu wengi waliwaficha Watutsi majumbani na misikitini mwao, na wengine wakauawa kwa ajili yao. Khabari hizo ni za kweli, na wana haki ya kuzitaja. Ila wasome na ukurasa wa pili. Gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990 na Disemba ya mwaka huo likachapisha zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu, mwenyewe na mhariri wake ni Hassan Ngeze, Mwislamu wa Gisenyi. Mahakama ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha Disemba 2003, katika kesi moja na wakubwa wawili waliokhusika na redio ya RTLM. Rufaa ya mwaka 2007 ikakifanya kifungo chake miaka 35. Jina la Hassan halikumzuia kitu. Kalamu yake ilitangulia, mapanga yakafuata.

Nimelitaja hili kwa sababu ya simu za vijana wetu. Kangura ya leo haihitaji mtambo wa chapa. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, Januari na Februari 2025, zinazunguka sauti zisizo na jina la msemaji zikimwambia kijana wa Kigoma kwamba Mbanyamulenge ni mwongo kwa asili, na nyingine zikimwambia kwamba kila Mrundi au kila Mkongo ni muuaji. Kijana anaisikiliza akiwa kwenye baraza la msikiti, anampelekea mwenziwe, kisha anaingia kuswali. Sisi ndio tulioamrishwa kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Nani amehakikisha sauti hiyo imetoka wapi, na inataka nani ahame?

Jambo moja zaidi, nalo si kosa la mwandishi, kwani lilitokea baada yake. Anayekisoma kitabu chake atadhani kuwa watu wa Mishamo hawatakubali kamwe kuwa Watanzania. Kuanzia mwaka 2007 serikali iliwauliza wakazi wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu: mnarudi Burundi, au mnataka uraia? Karibu wanane katika kila kumi walichagua uraia, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Hao ni wale wale, na watoto wao, waliosimulia kwa sauti moja kwamba ugenini ni njia tu ya kurudia nyumbani. Nasoma katika hili kwamba ile tarikhi ya kambini, ijapokuwa ilizaa chama na chama kikazaa bunduki, haikuwa damu yao. Ilikuwa hali waliyowekwa ndani yake. Mlango ulipofunguliwa, wengi walipita.

Kwa hiyo kitabu hiki nakisifu, na ninakipendekeza kwa kila mwalimu anayejua Kiingereza, ila kisisomwe peke yake. Aanze na mlango wa mji, kisha arudi Mishamo, na pembeni awe na karatasi ya kuandika majina ya wakubwa na tarehe, maana kitabu kitampa machache na itabidi ayatafute kwingine. Na akipita Kigoma, wazee waliovuka mwaka 1972 bado wapo, Ujiji na hapa Kibirizi. Akae nao kwa adabu. Awaulize ni nani aliyebisha hodi usiku ule, alivaa nguo gani, alikuwa akimtii nani, na kama mkononi alishika karatasi.